Daraja la Wieck: Nani Amsubiri Nani?

Mto Ryck si mto wa kuvuma. Unapita kandokando ya mji wa Greifswald, kaskazini-mashariki mwa Ujerumani, kisha unatambaa kwenye tambarare kwa kilomita tano hivi hadi unapomwaga maji yake katika ghuba tulivu ya Bahari ya Baltiki. Mlangoni mwake vipo vijiji viwili vinavyotazamana. Ng'ambo ya kaskazini ni Wieck, kijiji cha wavuvi ambacho baadhi ya nyumba zake bado zimeezekwa kwa matete. Ng'ambo ya kusini ni Eldena, penye magofu ya monasteri ya matofali mekundu ambayo mchoraji Caspar David Friedrich, mzaliwa wa Greifswald, aliyarudia tena na tena katika picha zake. Tangu mwaka 1887 vijiji hivi vimeunganishwa na daraja la mbao lililojengwa kwa mtindo wa Kiholanzi. Chombo chenye mlingoti kikitaka kupita, winchi huzungushwa kwa mikono, mabawa mawili ya daraja huinuka, na kila aliye nchi kavu, awe na baiskeli, kigari cha mtoto au mfuko wa mikate, husimama akangoja.

Watalii hulipiga picha, na vitabu vya safari huliita masalia ya zamani. Kwa maelezo hayo, daraja limebaki kwa sababu ya huruma tu: Wajerumani wana fedha, wana mapenzi na vitu vya kale, basi wameamua kulihifadhi kama wanavyohifadhi saa ya babu. Makala hii inashikilia jambo tofauti. Daraja linaloinuka ni jibu la busara kwa swali gumu, na katika mahali padogo kama Wieck na Eldena bado ni jibu bora kuliko yote yaliyobuniwa baadaye. Kila kivuko juu ya maji yanayopitiwa na vyombo kina gharama, na lazima awepo wa kuilipa. Daraja hili huitoza hadharani, kwa zamu, kutoka pande zote. Madaraja mengi tunayoyaona ya kisasa huificha gharama hiyo, kisha humtwika mtu mmoja aibebe milele.

Ili kulielewa hilo lazima kwanza ujue kwa nini mto mdogo namna hii haukuweza kufungwa. Watawa wa Kisistasi walifika Eldena mwishoni mwa karne ya 12, na eneo hilo lilikuwa na chumvi, bidhaa iliyohitajika sana pwani yote ya Baltiki kwa ajili ya kuhifadhi samaki. Soko lililoota karibu na chumvi hiyo ndilo lililokuja kuwa Greifswald, likapewa haki za mji mwaka 1250 na baadaye kujiunga na Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara wa bahari za kaskazini. Lakini mji wenyewe hauko baharini. Bandari yake iko juu ya mto, na kila gunia la nafaka na kila pipa la samaki lilipaswa kupita kwenye mlango ule mwembamba kati ya vijiji viwili. Kwa hiyo aliyetaka kulaza boriti mlangoni mwa Ryck hakuwa akiwajengea wanakijiji njia tu. Alikuwa anashika koo la mji mzima. Kwa karne nyingi suluhisho lilikuwa kutojenga chochote na kuvusha watu kwa chombo. Mvushaji huvusha anapoweza, hulala usiku, na barafu ya Baltiki ikija hukaa nyumbani.

Mwaka 1887 wajenzi walikuwa na njia tatu mbele yao. Ya kwanza, daraja la chini lisilofunguka, ambalo lingewapendeza wenye mikokoteni na kuua bandari ya Greifswald siku hiyohiyo. Ya pili, daraja la juu. Hapa inafaa tupige hesabu, kwa sababu mara nyingi watu husema "wangeliinua tu" kana kwamba kuinua ni bure. Chukulia mlingoti wa mita 20, ambao si mrefu kwa merikebu ya biashara ya enzi zile. Barabara inayopanda mita 4 kwa kila mita 100, mwinuko ambao farasi aliyelemewa na mzigo angeuhimili kwa shida, ingelazimika kuanza kupanda nusu kilomita kabla ya kufika mtoni, na ishuke nusu kilomita nyingine upande wa pili. Ardhi ya pale ni bapa kabisa. Hakuna kilima cha kusaidia. Tuta la nusu kilomita lingepita juu ya bustani, juu ya nyumba, juu ya kanisa ikibidi. Yaani kijiji kingeunganishwa na jirani yake kwa kubomolewa kwanza. Na baada ya hapo bibi wa Wieck anayekwenda kumwona binti yake Eldena, umbali wa kurusha jiwe, angepanda kimo cha jengo la ghorofa sita na kushuka tena, kila aendapo na kila arudipo, hata siku ambazo mto hauna chombo hata kimoja.

Huo ndio mzizi wa hoja yangu. Kungoja ni gharama anayoilipa aliyekutana na chombo, na huilipa mara moja. Kupanda ni gharama ya kila mtu, kila siku, iwe pana chombo au hapana. Wahandisi wa barabara huipenda ile ya pili kwa sababu haionekani katika vitabu vyao: hakuna foleni ya kuhesabu, hakuna dakika zilizopotea za kuandika kwenye ripoti. Lakini magoti ya watu wazima, pumzi za wenye pumu na mikono ya wanaosukuma viti vya magurudumu vyote hulipa. Njia ya tatu, ile iliyochaguliwa, iliwaacha watu chini, karibu na maji, na ikakiri wazi kwamba mara kwa mara watasimama.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa, maana ndio unaoiwezesha haki hiyo kutekelezwa na mtu asiye na mashine. Daraja la Kiholanzi lina nguzo ndefu zilizosimama wima, na juu yake imelazwa miti mirefu inayobembea. Ncha ya mbele ya mti imeunganishwa kwa chuma na ncha ya bawa la daraja. Ncha ya nyuma imebeba uzito, farumi kwa lugha ya mabaharia wetu, unaokaribia kulingana na uzito wa bawa. Siri iko kwenye umbo. Mti wa juu huwa sambamba na bawa la chini, na vyuma vinavyoviunganisha huwa sambamba na nguzo. Kwa kuwa pande hizo zinabaki sambamba wakati wote wa kuinuka, uwiano wa uzito haubadiliki: bawa likiwa limelala, likiwa nusu, likiwa limesimama, linabaki karibu kusawazishwa. Anayezungusha winchi hanyanyui tani za mbao. Anashinda msuguano wa bawaba, na upepo. Upepo ndio adui halisi, kwa sababu bawa lililosimama ni kama tanga, na Baltiki haikosi upepo. Vincent van Gogh alilichora daraja la ukoo huuhuu karibu na Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888, mwaka mmoja tu baada ya lile la Wieck kukamilika. Daraja lile la Arles lilibadilishwa na la zege mwaka 1930, na hilo la zege likalipuliwa na jeshi la Ujerumani lilipokuwa likirudi nyuma mwaka 1944. Greifswald ilikabidhiwa kwa Jeshi la Sovieti bila mapigano mwishoni mwa Aprili 1945, na hivyo ikaepuka yaliyoikuta miji mingi jirani.

Sasa, kwa nini chombo kipite kwanza na mtu wa miguu angoje? Wengi huona hapo upendeleo. Kwa kweli ni sheria iliyotokana na maumbile ya vitu. Mtu anayetembea akiambiwa simama, husimama. Jahazi haliwezi. Lina upepo nyuma yake, mkondo ubavuni, na mita chache za maji kila upande. Nahodha akilazimishwa kukaa papo hapo katika mto mwembamba, ama atagonga gati ama atapanda fungu. Katika Baltiki jambo hili lina sura yake maalumu. Bahari ile karibu haina kupwa na kujaa kama tunavyovijua kwenye pwani ya Uswahilini, ambako baharia anaweza kukuambia leo kwamba kesho alasiri maji yatakuwa hivi. Huko kina cha maji huongozwa zaidi na upepo, unaoyasukuma kuingia ghubani au kuyavuta kutoka. Nahodha hana jedwali la kutegemea. Anapopata nafasi ya kuingia, anataka kuingia. Kumpa asiyeweza kusimama haki ya kupita mbele ya anayeweza ni kanuni ambayo hata madereva wa mjini wangeielewa, kama wangekubali kuitafakari wakiwa hawako kwenye foleni.

Na kanuni hiyo ina sifa moja ambayo sheria nyingi hazina: haiangalii cheo. Tower Bridge ya London, iliyofunguliwa mwaka 1894, bado huinuka takriban mara 800 kwa mwaka, na chombo kilichotoa taarifa saa 24 kabla hupewa njia mbele ya magari. Mwezi Mei 1997 Rais Bill Clinton wa Marekani alikuwa London kumtembelea Waziri Mkuu Tony Blair. Msafara wake ulipokuwa ukivuka, daraja lilianza kufunguka kulipisha jahazi la mizigo la zamani lililoitwa Gladys, na magari ya msafara yakakatwa sehemu mbili. Walinzi walifadhaika, lakini Gladys ilikuwa na miadi yake na ikapita. Sijui barabara nyingi duniani ambako kiongozi wa dola kubwa husimama kwa ajili ya tanga.

Linganisha na njia nyingine ya kuvuka maji tunayoijua vizuri zaidi hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kisiwa cha Mombasa kiliunganishwa na bara upande wa magharibi kwa tuta la Makupa. Tuta ni kivuko kisichomsubirisha yeyote aliye juu yake. Malori na mabasi hupita usiku na mchana bila kizuizi. Lakini tuta liliziba maji. Mkondo uliokuwa ukizunguka kisiwa, kati ya Tudor na Kilindini, ulikatwa. Vyombo havikupita tena, na maji yaliyotuama yakabaki na uchafu wake. Hasara hiyo haikuonekana katika hesabu za barabara, kwa kuwa walioilipa hawakuwa barabarani: ni wavuvi, samaki, na mikoko. Ililipwa kwa miaka zaidi ya 90, hadi mwaka 2022 lilipozinduliwa daraja la Makupa lililokusudiwa, pamoja na mengine, kuyarudishia maji njia yake. Yeyote anayesema kivuko kisicho na kungoja ndicho cha bei rahisi, na aanzie hesabu yake hapo.

Nakubali kwamba hoja hii ina wapinzani wenye maneno mazito, na lililo zito kuliko yote ni la dharura. Nyumba inaungua, mzazi anajifungua, na daraja limesimama wima kwa sababu mtu anaingiza mashua yake. Kwa Wieck na Eldena jibu ni kwamba mpangilio wenyewe ulilizingatia hilo. Kila kijiji kina barabara yake ya kwenda Greifswald kwenye ukingo wake. Gari la wagonjwa la Wieck halihitaji kupita Eldena ili lifike hospitalini. Magari kwa ujumla hayaruhusiwi kuvuka ila kwa kibali, kwa hiyo daraja ni la miguu na baiskeli hasa. Hilo si jambo dogo. Lingekuwa njia pekee, ningeandika makala tofauti. Daraja linaloinuka lina haki ya kumsimamisha mtu pale tu ambapo kusimama hakumpotezei uhai. Amsterdam, ambayo ina madaraja mengi ya aina hii kuliko mji wowote ninaoweza kuutaja, ilifika mahali hapohapo: Magere Brug, daraja lake mashuhuri juu ya mto Amstel, lilifungiwa magari mwaka 2003 na kuachiwa watembea kwa miguu na baiskeli. Uzito ukapungua, na ugomvi ukapungua pia.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi, kwa kuwa lina ukweli. Vyombo vimebadilika. Zamani aliyepita chini ya daraja alikuwa na shehena au samaki. Leo, mara nyingi, ni mwenye boti ya starehe. Uvuvi wa heringi katika ghuba za Greifswald umebanwa sana, hasa tangu mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku uvuvi wa heringi wa magharibi mwa Baltiki isipokuwa kwa wavuvi wadogo wachache. Basi yule mhudumu wa hoteli anayekimbilia zamu yake anasimamishwa na nani? Na daktari wa meno aliyeko likizo. Sheria iliyozaliwa kumlinda mwenye kazi imegeuka kumlinda mwenye nafasi. Ni kweli, na ndiyo sababu kanuni inapaswa kurekebishwa huku daraja likibaki. Dawa yake ni ratiba. Huko Mystic, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Connecticut, Marekani, daraja la kuinuka la mwaka 1922 linalounganisha pande mbili za mji hufunguliwa majira ya joto kila saa, dakika 40 baada ya saa kamili. Mwenye boti anazunguka majini hadi wakati wake ufike. Mwenye duka anajua lini asitoke. Injini imempa mwenye boti ya leo kile ambacho nahodha wa tanga hakuwa nacho, uwezo wa kusimama, na kwa kuwa anaweza kusimama, ni haki naye asimame. Wieck nayo hufuata saa maalumu wakati wa msimu. Hapo kungoja kunarudi kuwa kwa pande mbili.

Ratiba pia inasaidia kutofautisha aliyekuja kwa zamu na aliyekuja kwa ubabe. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mji wa Rotterdam ulijikuta katikati ya kelele za dunia nzima. Kiwanda cha meli, Oceanco, kilikuwa kikimjengea tajiri Jeff Bezos chombo chenye milingoti mitatu, na milingoti hiyo ilikuwa mirefu kuliko nafasi iliyopo chini ya De Hef, daraja la reli la mwaka 1927 ambalo sehemu yake ya katikati hupandishwa juu. Ikasikika kwamba sehemu hiyo ingetolewa kwa muda ili chombo kipite. Wakazi walikasirika, wengine wakaahidi kuja na mayai viza, na ilipofika katikati ya mwaka kiwanda kikajiondoa katika maombi hayo. Tazama walichokataa watu wa Rotterdam. Wamezoea madaraja kufunguka. Ni maisha yao. Walichokataa ni daraja kuvunjwa kwa ajili ya mmoja. Kufunguka ni haki ya kila mwenye mlingoti, lakini kwa kipimo ambacho wote walikikubali tangu mwanzo. Anayejenga mlingoti mrefu kupita kipimo hicho ajitafutie njia.

Kuhusu gharama ya mbao na mishahara sitachukua muda. Mbao huoza, hasa penye maji na barafu, na daraja la Wieck limefanyiwa ukarabati mkubwa zaidi ya mara moja. Wanaouliza kama bado ni "lilelile" waulize pia kuhusu paa la matete la jirani. Winchi ya mkono inaweza kuwekewa mota, kama Amsterdam ilivyofanya kwa Magere Brug mwaka 1994, na hakuna dhambi. Nisingetaka lakini daraja la kijiji liendeshwe na kamera kutoka ofisi ya mbali. Mtu anayelifungua akiwa mbele ya wanaongoja anaweza kumwona mzee aliyebakiza hatua tatu, akamwacha amalize. Anaweza kukemewa, na anaweza kujibu. Mshahara wake ni gharama halisi kwa halmashauri, ila unalipwa kwa mtu wa hapohapo, tofauti na saruji.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mazuri kwa kijiji cha Kijerumani, lakini hayawezi kutusaidia sisi. Mfano wao ni Likoni, na wana haki ya kuutoa. Kivuko cha Likoni huvusha watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 kwa siku, kati ya kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini, katika mlango uleule unaotumiwa na meli zote za Kilindini. Mwanzoni mwa mwaka 2021, katika kipindi cha korona, daraja la miguu linaloelea lilianza kutumika huko Liwatoni, na lilikuwa na sehemu ya katikati inayofunguliwa kupisha meli. Kwa hiyo daraja la kufunguka si jambo geni katika pwani yetu. Lakini uwiano ni mwingine kabisa. Meli ya makontena haipiti kwa dakika tano; na watu wanaorundikana wakati wa kutoka kazini ni umati wa kuhofiwa, si mstari wa baiskeli kumi. Pale ambapo kungoja kwa dakika kunageuka kuwa hatari ya kukanyagana, na pale ambapo meli moja ni uchumi wa nchi kadhaa za bara, daraja refu la juu au njia ya chini ya bahari inastahili fedha zake, pamoja na matuta yake na kupanda kwake. Hoja yangu haidai Likoni. Inadai zile hori, milango na vijito visivyo Likoni, ambavyo ndivyo vingi kwenye ramani kutoka Lamu hadi Mtwara, na ambavyo mipango yake huchorwa na watu waliofundishwa kwa mifano ya mito mikubwa.

Na kabla mtu hajasema kwamba Wieck imeganda katika karne ya 19, aangalie kilichojengwa hapo mlangoni, kidogo upande wa bahari kutoka darajani. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1872, dhoruba iliyasukuma maji ya Baltiki juu ya pwani za Ujerumani na Denmark, ikaua watu zaidi ya 250. Tangu wakati huo kila kizazi pale kimeishi kikijua maji yatarudi. Mwaka 2016 lilikamilika lango la kuzuia mafuriko la Greifswald. Wahandisi wangeweza kufunga mto kwa ukuta na kuweka pampu. Wangelala usingizi na bandari ingekufa. Walichagua lango la chuma linalolala chini kwenye sakafu ya mto siku za kawaida, milingoti ikipita juu yake, na linalozungushwa kuinuka maji yanapopanda. Oktoba 2023, dhoruba kubwa ilipoipiga pwani hiyo, lango lilifungwa na mji ukabaki mkavu. Ni ufundi wa kisasa wa hali ya juu uliofuata shauri lilelile la mbao za 1887: maji na vyombo viwe na njia yao siku zote, isipokuwa katika saa chache ambazo usalama wa watu unadai vinginevyo.

Kati ya Lamu na Manda hakuna daraja, na mashua na majahazi bado hupita na milingoti yake. Ikitokea siku moja serikali ikapeleka wapima huko, au kwenye mlango mwingine wowote wa aina hiyo, ripoti ya kwanza itakayowekwa mezani itakuwa na idadi ya magari yanayotarajiwa kwa siku, kwa sababu ndivyo fomu zilivyo. Fomu hizo ziongezewe safu mbili kabla mchoro haujaanza: kimo cha mlingoti mrefu kuliko yote unaotumia maji hayo, na jina la chama cha mabaharia kilichoitwa kuupima.